Gugu Ni Nani? Mhadhara Juu ya Kitenzi cha Kiingereza "Weed Out"



Nianze na sentensi fupi ya Kiingereza, ya aina inayotua kila mara mezani kwa mfasiri wa Bujumbura: "The new director will weed out corrupt staff." Hakuna neno gumu humo. Mwanafunzi akifungua kamusi kwenye "weed" atakuta gugu, na kitenzi chake kupalilia. Ataandika kwa moyo safi: "Mkurugenzi mpya atawapalilia wafanyakazi wala rushwa." Msomaji wa Kiswahili, awe wa Buyenzi hapa mjini, wa Kigoma au wa Mombasa, ataelewa kwamba mkurugenzi huyo amekuja kuwalea wala rushwa, awatifulie udongo wastawi. Sarufi haina kasoro hata moja, ila maana imesimama kichwa chini miguu juu.

Kosa hilo halitokani na uvivu. Kamusi imesema kweli: "weed" ni kupalilia. Kilichomponza mwanafunzi ni kale kaneno kadogo "out", ambako kamusi nyingi hukapa mistari miwili na kusonga mbele. Jioni hii nataka tukae na kitenzi hiki kimoja, kwa sababu hapa Bujumbura hatuwezi tena kukikwepa. Burundi iliingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007. Sheria ya lugha ya mwaka 2014 ikakipa Kiingereza hadhi ya lugha rasmi, pamoja na Kirundi na Kifaransa. Mtoto wa shule ya msingi hapa anafundishwa lugha nne: Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili. Barua za miradi, ripoti za ukaguzi, matangazo ya ajira, vyote vimejaa vitenzi vya namna hii, vyenye mguu mmoja kwenye kitendo na mwingine kwenye kielekezi.

Tuangalie kwanza mwenendo wake. Kiingereza kinasema "weed the garden", na hapo kinachopaliliwa ni bustani. Ukiongeza "out", yambwa inabadilika: "weed out the thistles". Sasa kinachotajwa ni magugu yenyewe, na bustani imeachwa nyuma, pengine haitajwi kabisa. Kaneno kamoja kamehamisha jicho kutoka kwenye kinachobaki hadi kwenye kinachotupwa. Kiswahili hakifanyi hivyo kwa kuongeza neno. Hubadilisha kitenzi kizima. Tunapalilia mahindi, tunang'oa magugu. Kupalilia, hata kwa umbo lake, ni kauli ya kutendea: kazi inafanywa kwa ajili ya mmea. Ndiyo maana neno hilo likitoka shambani na kuingia katika siasa hubeba maana ya kulea na kustawisha. Gazeti likiandika kwamba fulani anapalilia ukabila au anapalilia chuki, hakuna msomaji anayedhani kwamba anaupunguza.

Wapo watakaosema basi tatizo limekwisha, tutumie "kung'oa". Subirini kidogo.

Kwanza niseme neno kwa walimu wa Kiingereza. Kitenzi hiki hutenganishika. Jina laweza kukaa baada ya "out" au kabla yake, lakini kiwakilishi hukaa katikati, hakuna hiari: "weed them out". Anayesema "weed out them" amekosea, hata kama kila mtu amemwelewa. Wanafunzi wetu hukosea hapa kwa sababu tunawafundisha kwa kupitia Kifaransa. Tunawaambia "weed out" ni "éliminer", neno moja lisilokatika, nao wanalichukua hivyo hivyo. Mimi naona njia ya karibu zaidi ni Kirundi. Mrundi anasema gukura kwa maana ya kutoa, kisha anaongeza mkia kulingana na mahali kitu kilipo: gukuramwo kikiwa ndani, gukuraho au gukurako kikiwa juu ya kitu au kimeshikamana nacho, gukurayo kikiwa kule mbali. Huo ndio ufundi wa "take out" na "take off", na mtoto wa Kamenge anao tangu akiwa na miaka mitatu. Kiswahili sanifu kina mabaki ya ufundi huo katika yumo, yupo na yuko, lakini mikia hiyo haishikani na vitenzi vyetu kwa wepesi ule. Kwa hiyo katika jambo hili Mrundi anaanza masomo ya Kiingereza akiwa mbele ya mtu wa Dar es Salaam. Nashangaa kwamba vitabu vyetu vya shule haviitumii bahati hiyo.

Sasa tuje kwenye maana. Si kila kuondoa ni "weed out". Mnakumbuka Juni 2023, Benki Kuu, BRB, ilipotangaza kuondoa noti za faranga 5,000 na 10,000 za toleo la 2018, watu wakapewa siku 10 kuzipeleka benki. Misururu mliiona wenyewe. Kwa kitendo kile Mwingereza hawezi kusema "weed out", kwa sababu noti zote za toleo lile ziliondoka, nzuri na mbovu, mpya na zilizochakaa. Lakini karani wa benki anayeshika bunda, akazipitisha noti moja moja kwenye mwanga, akatoa za bandia na kuacha halali, huyo ndiye hasa kitenzi kinamhusu. Lazima liwepo kundi lililochanganyika, kiwepo kipimo, mtu apitie kimoja kimoja au hatua kwa hatua, na mwishoni kibaki kitu kinachothaminiwa. Kimojawapo kikikosekana, tafuta kitenzi kingine. Koti hulivui kwa "weed out", wala takataka za jikoni huziondoi kwa neno hilo.

Na "root out"? Hilo linakwenda chini zaidi, hadi mizizini, na halijali sana kinachobaki. Kirundi kina kurandura, na Kiswahili kina kung'oa au kutokomeza. Serikali ikisema itatokomeza malaria, haichagui malaria ipi ibaki. Ndiyo sababu niliwaomba msubiri juu ya "kung'oa": linafaa pale ubaya unapotakiwa kwisha wote, na halitoshi pale kazi yenyewe ni kuchagua.

Kiswahili cha kuchagua tunacho, tena kingi kupita mahitaji. Ila hakikai mahali pamoja. Kimetawanyika katika kazi za mikono, na mahali pazuri pa kukiona kikiwa kamili ni kwenye kahawa.

Nendeni Kayanza au Ngozi wakati wa mavuno. Mkulima akileta matunda yake mekundu kituoni, kwanza humwagwa majini. Tunda zima huzama. Lililotobolewa na wadudu, au lililokauka mtini, huelea, nalo huondolewa juu juu kwa mkono au kwa chombo. Kiswahili cha kitendo hicho ni kuengua, neno lile lile la anayeondoa povu kwenye mchuzi unaochemka. Matunda yaliyozama hupita kwenye mashine ya kutoa nyama, yakachachushwa, yakaoshwa, ndipo punje zikatandazwa kwenye meza ndefu za wavu, bado zina ganda lao jembamba. Hapo huja wanawake, wanasimama pande zote mbili za meza, mikono inakwenda mbele na nyuma juu ya punje, na kila penye doa jeusi, penye mpasuko, penye punje iliyochunwa na mashine, vidole viwili vinadona. Huko ni kuchambua. Baadaye kahawa husafiri hadi kiwandani ikakobolewa, ikapepetwa maganda yatoke, punje zikachekechwa kwa ukubwa wake.

Kuengua, kuchambua, kukoboa, kupepeta, kuchekecha. Mwandishi wa Kiingereza anayeandika ripoti ya kahawa hiyo anaweza kutumia "weed out" moja kwa hatua tatu kati ya hizo na asilaumiwe. Mfasiri wake hana raha hiyo. Akiandika "kuchekecha" mahali palipofanyika kuengua, mama aliyesimama mezani atacheka.

Na kahawa hii ya kwetu inatufundisha jambo jingine ambalo kitenzi cha Kiingereza hulificha. Kahawa ya Burundi, ya Rwanda na ya Kivu inajulikana kwa kasoro moja inayowatesa wanunuzi: ladha ya kiazi kibichi. Wataalamu huihusisha na mdudu aitwaye antestia, anayetoboa tunda likiwa mtini. Punje moja yenye kasoro hiyo yatosha kuharibu kikombe kizima. Matunda mengi yaliyotobolewa yataenguliwa majini, na punje nyingi zenye alama zitachambuliwa mezani. Lakini punje nyingine haionyeshi alama yoyote. Inapita kwenye maji, inapita mikononi mwa wanawake wote wale, inapanda meli, na inajulikana siku inaposagwa huko Ulaya au Marekani, kwa harufu. Mchambuaji mwenye jicho kali kuliko wote hawezi kuondoa asichokiona. Anayeandika "weed out" anamwahidi msomaji kwamba kipimo kipo na kinafanya kazi. Mfasiri ana haki ya kuuliza: kipimo gani?

Mpunga wa tambarare ya Imbo una kisa kama hicho. Katika majaruba ya Gihanga kuna gugu la jamii ya nyasi ambalo likiwa changa limefanana na mche wa mpunga hata mgeni hawezi kulitofautisha. Mkulima mzoefu hulitazama shina na jani kwa karibu ndipo avute. Wasomaji wa Injili ya Mathayo, sura ya 13, wanaikumbuka hofu hiyo: mwenye shamba anawazuia watumishi wake wasing'oe magugu mapema wasije wakang'oa na ngano. Na sokoni Ruvumera, mpunga huo ukishakuwa mchele, muuzaji anapembua kwenye ungo, chenga upande huu, mchele mzima upande ule, na mawe anayatoa kwa kidole. Mkongomani wa kutoka Uvira akija kununua atamwambia "tosha mawe", maana kwao kutosha ni kutoa. Mtu wa Tanga akimsikia atadhani mawe yamefika kiasi kinachohitajika! Wote wawili wanasema Kiswahili. Tena msidharau ungo: upembuzi yakinifu, neno ambalo kila mradi wa barabara na bandari hulitumia kwa uchunguzi wa awali, limetoka humo.

Majirani zetu wameyachukua maneno haya ya jikoni na shambani wakayapeleka ofisini, na hapo ndipo mfasiri wa Bujumbura anapotegwa, kwa kuwa kila nchi imeyapeleka kivyake.

Tanzania, tangu mwishoni mwa 2015, serikali ya Rais Magufuli ilitumia maneno kutumbua majipu kwa maana ya kuwaondoa watumishi waliotuhumiwa kwa ubadhirifu au uzembe. Jipu ni uvimbe mmoja, linatumbuliwa kwa ghafla, na linauma. Hakuna kundi linalopitiwa moja moja hapo. Kwa hiyo, pamoja na umaarufu wake wote, kutumbua si tafsiri ya "weed out". Lakini uhakiki wa vyeti uliofuata ulikuwa ndio hasa "weed out": vyeti vya watumishi vilipitiwa, na tarehe 28 Aprili 2017, Dodoma, Rais alikabidhiwa orodha ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Hapo kundi lilikuwepo, kipimo kilikuwepo, na waliobaki walibaki kazini. Magazeti yaliandika kwamba wameondolewa, au wamefutwa kazi. Neno la kawaida tu, na lilitosha.

Huko huko Tanzania, mgombea anayekatwa na wasimamizi wa uchaguzi huenguliwa. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2019 neno hilo lilijaa kwenye vichwa vya habari, kwa sababu wagombea wengi wa upinzani walienguliwa. Angalieni lilivyo na busara kali: povu huenguliwa kwa sababu liko juu na linaonekana. Neno halisemi kwamba povu ni chafu. Msomaji anaamua mwenyewe.

Kenya wana kupigwa msasa. Msasa ni mti ambao majani yake makavu yanakwaruza, na mafundi waliyatumia kulainisha mbao kabla ya karatasi za dukani kuja. Baada ya Katiba ya 2010, Kenya iliunda bodi ya kuwachunguza majaji na mahakimu waliokuwa kazini, na Aprili 2012 bodi hiyo ikawatangaza majaji wanne wa Mahakama ya Rufani kuwa hawafai. Vyombo vya habari vya Nairobi vilisema majaji wanapigwa msasa, na hadi leo waziri mteule akiitwa bungeni kuhojiwa, hupigwa msasa. Vuka mpaka uingie Arusha, ufungue gazeti, ukute "Walimu wapigwa msasa". Usiwahurumie. Wamehudhuria semina, wakanolewa, wakapewa chai na posho. Mfasiri wetu anayechukua neno hilo kutoka gazeti la Nairobi na kuliweka katika ripoti itakayosomwa Kigoma amewapa watuhumiwa semina.

Neno lililo salama kuliko yote, nikiulizwa, ni kuchuja. Mchujo umeshaingia katika soka, katika ajira na katika kura za maoni za vyama, na unaeleweka kutoka Lamu hadi Bukavu. Lina kundi, lina kipimo, lina kinachobaki. Lina shida moja. Ukichuja tui, unachokitaka ni tui, na machicha ndiyo yanayotupwa. Sasa gazeti likisema "majina matano yamechujwa", je, yamepita au yameachwa? Desturi inasema yameachwa, lakini nimeona tangazo la ajira lililowafanya waombaji washangilie pasipostahili. Dawa ni kutaja pande zote mbili: waliochujwa wakaachwa ni kadhaa, waliobaki ni kadhaa. Maneno manne zaidi, na hakuna anayelala akiwaza.

Nimeacha kwa makusudi jambo zito, na sasa nilifikie.

"Weed out" huhitaji gugu. Mwingereza anapolitumia kwa maombi yasiyokamilika, kwa mbegu mbovu, kwa makosa katika hesabu, hakuna anayeumia. Vyuo vikuu vya Marekani vina kozi za mwaka wa kwanza, za hesabu au kemia, ambazo wanafunzi wenyewe huziita za "weed-out", kwa kuwa zinawaangusha wengi kabla hawajafika mbali, na hata hapo neno linakwaruza kidogo: kijana aliyeshindwa kemia si gugu. Lakini likija juu ya watu wa kundi fulani, la kabila, la chama au la mtaa, linakuwa limekwisha kutoa hukumu kabla ya ushahidi.

Katika eneo letu hatuna haki ya kujifanya hatulijui hilo. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, ilitoa hukumu ya kesi ya vyombo vya habari tarehe 3 Desemba 2003. Majaji walipima matangazo ya redio RTLM na maandishi ya gazeti la Kangura, na ilibidi waketi na maneno kama inyenzi, yaani mende, waeleze lilimaanisha nini masikioni mwa Mnyarwanda wa 1994. Watu waliitwa wadudu, na kuwaua kukaitwa gukora, kufanya kazi. Sisi wa Burundi tuna miaka yetu ya mauaji, 1972 na 1993 ikiwemo, na familia chache katika ukumbi huu hazina jina la kukumbuka. Kwa hiyo nawaambia wafasiri bila kuzungukazunguka: pale ambapo yambwa ya "weed out" ni watu, usitafute tamathali ya Kiswahili. Acha magugu, acha mende, acha povu na jipu. Taja kitendo. Alifukuzwa kazi. Ombi lake lilikataliwa. Jina lake lilifutwa kwenye orodha. Alishtakiwa. Mwandishi wa Kiingereza akikulalamikia kwamba umeipunguzia sentensi yake ladha, mwonyeshe sheria ya ajira na umwulize ni kifungu gani kinachozungumzia kupalilia.

Kwa hiyo ile sentensi ya mkurugenzi tuifanyeje? Mimi ningeiandika hivi: "Mkurugenzi mpya atawachunguza wafanyakazi na kuwaachisha kazi watakaothibitika kula rushwa." Ni ndefu kuliko ya Kiingereza, najua. Imelazimika kusema kwamba kutakuwa na uchunguzi na kwamba lazima jambo lithibitike, mambo mawili ambayo Kiingereza kiliyameza. Kama mkurugenzi hakukusudia kuchunguza wala kuthibitisha, basi ni vizuri mfasiri aligundue hilo kabla ya kutia saini.

Nina ombi kwa walimu. Maneno ya kuondoa na kuchagua yanayotumika nchini mwetu, ya Kirundi na ya Kiswahili chetu hiki kinachokutana na cha Uvira na cha Kigoma, hayafundishwi darasani ipasavyo, na wanaoyajua vizuri si sisi wenye vyeti. Anayefundisha Kayanza aanze na meza za kahawa. Wa Gihanga aanze na majaruba. Wa Buyenzi aamke mapema aende Ruvumera, akae na wauza mchele. Wapeni wanafunzi madaftari, waandike kila neno pamoja na sentensi nzima waliyoisikia, na mbele yake mambo mawili: nini kiliondolewa, na nini kilibaki.